Mzima: Maji ya Mlima Usio na Mto

Je, wajua kwamba baadhi ya maji ya mfereji yanayonywewa Mombasa ni mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani?

Chyulu ni safu ya volkano changa kati ya Tsavo Magharibi na nyanda za Amboseli. Vilele vyake vinapita mita 2,000 na juu kuna msitu wa ukungu, lakini huoni mto hata mmoja ukishuka. Ardhi yenyewe ni majivu na lava yenye matundu, na mvua ikianguka hunywewa papo hapo. Maji hupita chini kwa chini, yakichujwa na kuyeyusha madini ya mwamba kidogo kidogo, mpaka yachomoze kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa wingi wa zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Ni maangavu mno: katika chumba kilichozamishwa ukingoni mwa dimbwi, mgeni huweza kumwona kiboko akitembea chini ya maji.

Na kiboko huyo ndiye mlishaji wa wote. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, mchana hurudi majini na kuacha kinyesi. Samaki na wadudu hula kinyesi hicho, nao samaki huliwa na mamba, fisi maji na mnandi. Maji haya, kwa usafi wake, yasingelisha viumbe wengi hivyo. Shibe yao hutoka nyikani, ndani ya tumbo la kiboko. Ndiyo maana ukame mkali huua viboko wa Mzima kwa njaa: madimbwi yamejaa, nyasi za jirani zimekwisha.

Bomba linalopeleka maji ya Mzima hadi Mombasa lilijengwa miaka ya 1950. Wajenzi hawakuziba madimbwi. Maji yalikingwa ndani ya lava, juu kidogo ya chemchemi, kabla hayajaona jua. Huo ulikuwa uamuzi wa busara sana, kwani umewaachia viboko makao yao.

Kinachonitia wasiwasi ni kule juu. Chyulu ni hifadhi ya taifa tangu 1983, lakini moto na uchomaji mkaa bado vinaula msitu wake. Miti ile hunasa ukungu na kuudondosha matone hata siku isiyo na mvua. Msitu ukiteketea, matone hayo hayafiki kwenye lava, wala Mzima, wala Mombasa.