Sekunde Tano Mbele ya Kikapu

Zilikuwa zimesalia sekunde chache, na timu ya binti yetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, alipopewa mitupo miwili huru. Sisi wazazi tuliokuwa kando ya uwanja tulisimama sote. Mmoja alimwita kwa jina, mwingine alimhimiza asiharakishe, na wa tatu aliomba dua kwa sauti ambayo hata mwamuzi aliisikia. Mtupo wa kwanza uligonga pete ukarudi. Wa pili haukufika. Jioni ile mtoto alivua viatu vya mchezo, akavisukuma chini ya kitanda, akatuambia kwamba harudi tena.

Baadhi ya jamaa walishukuru. Msichana wa Kiislamu na mpira wa kikapu, walisema, wapi na wapi? Hatukuafikiana nao. Mtoto anayeacha jambo kwa sababu limemshinda mara moja mbele ya watu huenda akaacha na mengine. Tena tulikuwa na swali lililotukera: baada ya alasiri, akiwa peke yake, binti huyuhuyu hutia saba katika kumi. Mikono haikuwa imesahau kitu. Ni akili iliyohama.

Tulianza kwa kupima. Mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, pete iko juu mita 3.05, na mtupaji ana sekunde tano tangu akabidhiwe mpira. Tulichora kwa mkaa sakafuni uani duara lenye upana wa sentimita 45, ambao ndio upana wa pete, kisha tukaweka mpira wa wanawake katikati. Ulichukua karibu nusu tu ya upana ule. Bibi yake, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, alitazama akasema, “Kumbe tundu ni kubwa hivi!” Mtoto alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tulimsimulia habari za Mahmoud Abdul-Rauf, aliyezaliwa Mississippi nchini Marekani mwaka 1969 kwa jina la Chris Jackson, akasilimu mwaka 1991. Bwana huyu ana maradhi ya Tourette, ambayo humfanya mtu atikisike viungo au atoe sauti pasipo kutaka. Ungedhani mtupo huru, unaohitaji utulivu kuliko yote, ungemwelemea. Lakini katika msimu wa 1993-94, akiichezea Denver Nuggets, alitupa mitupo huru 229 akakosa 10 pekee. Tangu utotoni alikuwa akirudia mtupo uleule hata mwili uridhike. Utulivu wake haukutokana na kukosa misukosuko. Aliuzoeza mwili njia moja, misukosuko ikiwa palepale.

Njia yenyewe si siri. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliyafuatilia macho ya wachezaji wa kike wakati wa mtupo huru, akachapisha matokeo mwaka 1996. Aligundua kwamba mahodari huyatuliza macho mahali pamoja penye pete kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutupa. Wasio mahodari macho yao huruka huku na huku. Basi tulimwomba binti achague sehemu moja ya pete, si kikapu kizima, na aitazame kabla mikono haijapanda. Juu ya hilo tuliongeza utaratibu usiobadilika: kudunda mpira mara tatu, kushusha pumzi polepole, kutazama, kutupa. Yote huingia ndani ya sekunde tano bila haraka. Akili yenye kazi ya kufanya haipati nafasi ya kujiuliza watu watasema nini. Anayeijua sala ambayo mawazo yake yameelekea jikoni ataelewa tunachosema.

Mazoezi nayo yalibadilika. Kutupa ukiwa umepumzika, mahali pakimya, hakumwandai mtu kwa mechi. Sasa hukimbia kwanza mpaka moyo uende mbio, kisha hutupa miwili tu, huku kaka zake wakipiga masufuria. (Majirani watuwie radhi.) Akikosa, haruhusiwi kurudia papo hapo, hukimbia tena, kwa kuwa mechi haimpi mtu mtupo wa tatu wa kujifariji.

Akina mama, kuna jambo dogo ambalo hatukulitambua mapema: kitambaa cha kichwani. Siku ile ya mechi alikishika mara nyingi mno, akihofia pini ifunguke. Msichana anayeshughulikia mtandio haioni pete. Tulimshonea cha kuvutika, kisicho na pini, kinachobana vyema. Bilqis Abdul-Qaadir wa Marekani alicheza chuo kikuu akiwa na hijabu, lakini kanuni za FIBA zilimfungia njia ya kuendelea kama mchezaji wa kulipwa ng’ambo. Yeye na wenzake walidai haki hiyo, na hatimaye kanuni mpya iliyoruhusu vazi la kichwani ilianza kutumika Oktoba 2017. Mlango umefunguliwa, lililobaki ni ushonaji.

Ramadhani ilipokaribia, binti alituuliza kama saumu itamvurugia umakini. Tulimtajia Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyecheza akiwa amefunga mwezi Februari 1995 na kuchaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo katika ligi ya NBA. Hatukumtaja ili mtoto ashindane na kiu. Mazoezi yake tuliyahamishia baada ya tarawehe, tena mafupi.

Sehemu ngumu zaidi ilituangukia sisi. Tulipomuuliza ni nini hasa kilichomtoa akili siku ile, alisita, kisha akajibu kwa adabu, “Sauti zenu.” Hatukuwa na la kusema. Tulikubaliana kwamba akisimama mstarini, sisi tutanyamaza, na dua itabaki moyoni.

Mechi iliyofuata alipata mitupo huru minne akatia mitatu. Ule aliokosa hakutugeukia; alirudi kukaba. Viatu sasa huviacha mlangoni, na mchanga wake tunaufagia sisi.