Kuvua samaki Wagenia: mgeni ajipange namna gani?

Unafika Kisangani kwa kazi ya siku tatu, ndoano iko ndani ya sakoshi, na unajiambia: kesho ninaenda kuvua. Ngoja kwanza, ndugu. Hapa hakuna bahari, kuna Mto Kongo, na mto huu una wenyewe.

Boyoma iko na maporomoko saba, kutoka Ubundu mpaka Kisangani, urefu wa kilomita 100 hivi. La mwisho ni la Wagenia, karibu na mji. Toleka ao moto itakufikisha. Pale wavuvi wamesimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msitu na kutundika vikapu vikubwa vya mdomo mpana. Nguvu ya maji ndiyo inasukuma samaki ndani.

Kila pahali pa mtego pana familia yake, ni urizi wa mababu. Basi usitupe ndoano popote. Enda kijijini, salimia wazee, sema unachotaka. Patana bei mbele ya kupanda mtumbwi: ya mtumbwi, ya kuongozwa, ya picha. Usipopatana, magomvi yatakungoja wakati wa kushuka.

Uliza saa ya kutoa vikapu, na ufike mapema. Usipande juu ya ile miti: inateleza, na maji ya pale hayajali kama unajua kuogelea.

Ukikosa kitu, nunua samaki palepale kwa mvuvi. Namna ulivyompata itabaki siri yako na mto.