Udukuzi wa kimaadili: Ujuzi unaoanza kwa subira wala si kwa ujanja

Na MWANDISHI WETU

KIJANA mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alikuwa akikagua salio la karo yake katika tovuti ya chuo alipotambua kwamba anwani ya ukurasa ule iliishia kwa nambari yake ya usajili. Kwa udadisi tu, alibadilisha tarakimu ya mwisho. Ukurasa ulifunguka, na mbele ya macho yake pakawa na jina, nambari ya simu na deni la mwanafunzi mwingine asiyemjua.

Jioni hiyo alinijia akiwa na furaha na hofu kwa pamoja. "Mzee, sasa nami nimekuwa mdukuzi?" aliuliza. Wenzake walikuwa wamemshauri anakili rekodi zote ili awe na ushahidi. Yeye alitaka kuwaarifu wakuu wa chuo, lakini alichelea kukamatwa.

Swali lake ni swali la vijana wengi nchini ambao wangependa kujifunza udukuzi wa kimaadili na uundaji wa programu za tarakilishi, ila hawajui waanzie wapi, wala mpaka wa sheria umepita wapi.

Mdukuzi ni nani?

Katika Kiswahili, mdukuzi tangu hapo alikuwa mtu anayetega sikio ili kunasa siri za wengine. Si ajabu basi kwamba neno hilo lilipohamia kwenye tarakilishi lilibeba sifa mbaya. Hata hivyo, yapo makundi mawili ya watu wenye ujuzi uleule. Mmoja huingia bila ruhusa ili aibe au aharibu. Mwingine huajiriwa na mwenye mfumo, akapewa idhini ya maandishi, akautafuta udhaifu kabla ya mwizi kuufikia. Huyu wa pili ndiye mdukuzi wa kimaadili.

Kevin Mitnick wa Marekani aliyavaa mavazi yote mawili. Alikamatwa Februari 1995 baada ya kusakwa kwa muda mrefu na makachero wa FBI, akakaa kizuizini na gerezani takriban miaka mitano hadi Januari 2000. Baada ya kuachiliwa, makampuni yalimlipa ayajaribu mifumo yao, kazi aliyojihusisha nayo hadi alipofariki Julai 2023. Ujuzi wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni ruhusa.

Aidha, si kila shambulio ni udukuzi wa kuvunja kufuli. Julai 2023, mtandao wa eCitizen, unaobeba huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulitatizika kwa siku kadhaa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mbinu iliyotumika ilikuwa kuifurika mitambo kwa maombi mengi mno ya uongo hadi ikashindwa kuwahudumia wateja wa kweli. Ni kama umati kuziba mlango wa duka ili wenye haja wasiingie, ilhali hakuna aliyegusa sanduku la pesa. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan ikidai ndio walioliendesha kundi hilo.

Anza kwa kuunda, si kwa kubomoa

Kosa kubwa la anayeanza ni kukimbilia zana za kudukua kabla ya kujua programu huundwaje. Fundi wa kufuli asiyejua kufuli limetengenezwaje hubakia kubahatisha tu.

Lugha inayofaa kuanza nayo ni Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka wa 1991. Hailipishwi, maandishi yake husomeka kwa urahisi, na wataalamu wa usalama wa mitandao huitumia kila siku.

Tuchukue mfano wa salio la karo. Mstari wa kwanza wa programu unasema karo = 12000. Wa pili unasema malipo = 7500. Wa tatu unasema salio = karo - malipo. Ukiongeza mstari wa nne wa kuiamuru tarakilishi ionyeshe salio, itakuandikia 4500. Kwa mistari minne tu, umekwisha kuunda programu.

Sasa badilisha, mtumiaji aandike mwenyewe kiasi alicholipa. Je, akiandika maneno "elfu saba" badala ya tarakimu? Programu itakwama. Akiandika 20000? Itatoa salio la kutoa 8000, na chuo kitaonekana kinadaiwa na mwanafunzi. Akiandika malipo yaliyo chini ya sifuri? Deni litaongezeka badala ya kupungua. Tarakilishi haikukosea hesabu hata mara moja. Aliyekosea ni muundaji aliyemwamini mtumiaji kupita kiasi.

Hapo, msomaji, ndipo uundaji wa programu na udukuzi vinapokutana. Sehemu kubwa ya udhaifu unaotafutwa na wadukuzi huzaliwa pale programu inapopokea neno la mgeni bila kulichunguza. Tovuti ya chuo cha yule kijana ilifanya kosa hilohilo: ilipokea nambari ya usajili na kuonyesha rekodi, bila kuuliza kama anayeomba ndiye mwenyewe.

Udhaifu mwingine maarufu hutokea kwenye visanduku vya kuandikia jina na nywila. Tovuti huchukua jina lililoandikwa na kulipachika ndani ya swali linaloelekezwa kwa hifadhidata. Mtu mwenye hila, badala ya jina, huandika alama za nukuu zikifuatwa na amri yake. Hifadhidata haiwezi kutofautisha jina na amri, hivyo hutii yote mawili. Mbinu hiyo imejulikana hadharani tangu 1998, na dawa yake pia inajulikana: swali litengwe kabisa na maneno ya mtumiaji. Lakini waundaji wenye haraka huendelea kuacha mlango huo wazi.

Hatua zinazofuata

Ukishaweza kuandika programu ndogo ndogo bila kunakili za wengine, jifunze mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991. Seva nyingi za intaneti hutumia mfumo huu. Jizoeze kuamuru tarakilishi kwa maandishi badala ya kubofya picha kwa kipanya.

Kisha elewa jinsi tarakilishi zinavyozungumza. Kila iliyo kwenye mtandao ina anwani, na kila anwani ina milango yenye nambari. Mlango wa 80 hupitisha kurasa za kawaida za wavuti, wa 443 hupitisha zilizofumbwa kwa usalama, na wa 22 hutumiwa na wasimamizi wanaoingia kwenye seva kutoka mbali. Programu ya Nmap, iliyotolewa na Gordon Lyon mwaka wa 1997, huonyesha milango iliyo wazi. Nayo Wireshark humwezesha mtu kuona data inavyopita. Zote hupatikana bure.

Mahali pa kuzijaribu ni nyumbani kwako, wala si katika tovuti ya benki au ya shule. Tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaweza kubeba ndani yake tarakilishi ya kubuni, ukaitenga na mtandao na kuishambulia utakavyo bila kumdhuru yeyote. Shirika la OWASP, lililoanzishwa mwaka wa 2001, hutoa bure tovuti za mazoezi kama WebGoat na Juice Shop, zilizojazwa makosa kwa makusudi. Vilevile, mazoezi ya Bandit ya OverTheWire humfunza anayeanza amri za Linux hatua kwa hatua, naye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huandaa mashindano ya picoCTF kwa ajili ya wanafunzi.

Jihadhari na matangazo yanayoahidi kukufunza kudukua akaunti za wengine kwa wiki moja. Mara nyingi mlengwa wa kwanza ni mwanafunzi mwenyewe: hulipa ada, hupakua programu iliyopachikwa virusi, akaibiwa nywila zake. Vyeti vya gharama kubwa navyo havina haraka. Ujuzi utangulie, cheti kifuate.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018. Kifungu cha 14 kinamharamishia mtu kuvuka kinga za mfumo ili kuufikia ilhali anajua hana idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu gerezani, au zote mbili. Akifanya hivyo kwa nia ya kutenda kosa lingine, kifungu cha 15 kinapandisha adhabu hadi faini ya Sh10 milioni au miaka kumi.

Hivyo, "nilikuwa najifunza tu" si ngao mahakamani. Kwa mdukuzi wa kimaadili, karatasi ya ruhusa yenye kutaja mfumo upi, kwa muda gani na kwa mbinu zipi, ndiyo zana ya kwanza kabla ya Nmap na nyinginezo.

Je, ukijikwaa kwenye udhaifu bila kuutafuta? Mfano mwema ni wa Dan Kaminsky. Mwaka wa 2008, mtaalamu huyo Mmarekani aligundua kasoro katika utaratibu unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za nambari. Kasoro hiyo ingewawezesha wahalifu kuwaelekeza watu kwenye tovuti bandia za benki. Hakujigamba wala kuiuza. Aliwafahamisha wahusika wakuu kwa siri, wakafanya kazi kwa miezi kadhaa, na Julai 8, 2008 makampuni makubwa yakatoa dawa kwa pamoja.

Nilimsimulia kijana wetu kisa hicho. Nilimshauri asifungue rekodi nyingine hata moja, asinakili chochote, asiwahadithie wenzake, na aandike barua fupi akieleza alichokiona na jinsi alivyokiona. Nilimwambia pia kwamba, chuo kikipuuza, kipo kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mitandaoni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambacho hupokea taarifa kutoka kwa umma.

Aliandika. Majuma matatu yalipita kimya, naye akawa halali vizuri. Hatimaye alipata jibu la mstari mmoja: "Tumepokea." Siku chache baadaye alijaribu kufungua ukurasa wake mwenyewe, akakuta anwani haina tena nambari ya usajili. Hakuna aliyemshukuru.

"Sasa nimefaidi nini, Mzee?" aliniuliza. Nilimkumbusha kwamba wanafunzi wenzake, ambao hata hawajui kilichotokea, hawawezi tena kuchunguliwa madeni yao na kila mpita njia. Alitafakari kidogo, kisha akafungua tarakilishi yake akarudi kwenye somo la Python.