Maana ya Ibada Kanisani: Istilahi ya Kuabudu na Mpangilio wa Ibada ya Kilutheri nchini Tanzania

Utangulizi

Katika makanisa mengi nchini Tanzania, kuabudu hutajwa kama kipindi maalumu cha nyimbo za taratibu, kinachofuata nyimbo za kusifu na kutangulia mahubiri. Matumizi hayo, yanayohusishwa hasa na uimbaji wa Kipentekoste na wa kikarismatiki, yamezoeleka pia miongoni mwa waumini wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Makala haya yanafafanua maana ya ibada kwa kuzingatia asili ya istilahi na mpangilio wa ibada ya Kilutheri. Hoja yake ni kwamba kuibana maana hiyo ndani ya wimbo hubadili uelewa wa waumini kuhusu matendo mengine yote ya ibada.

Asili ya istilahi

Maneno ibada na abudu yametokana na Kiarabu, ambamo mzizi wake hubeba dhana ya utumwa na utumishi. Ndio unaopatikana katika jina Abdallah, yaani mtumwa wa Mungu. Kiebrania kina mzizi wa asili moja na huo, na nomino yake, avoda, humaanisha kazi, utumishi na ibada kwa pamoja. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, proskuneo ni kusujudu, ilhali latreia ni utumishi wa kiibada. Neno hili la pili ndilo alilolitumia Paulo katika Warumi 12:1, anapowahimiza waumini kuitoa miili yao. Hivyo basi, hakuna hata istilahi moja kati ya hizi ambayo maana yake ya msingi ni kuimba.

Mtazamo wa Kilutheri

Neno la Kijerumani Gottesdienst, yaani huduma ya Mungu, hufahamika kwa namna mbili: Mungu huwahudumia watu, na watu humtumikia Mungu. Theolojia ya Kilutheri hutanguliza maana ya kwanza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 7, hulitambua Kanisa mahali Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti kutolewa ipasavyo. Mungu hunena kupitia tangazo la msamaha, masomo, mahubiri na Chakula cha Bwana. Waumini hujibu kwa ungamo la imani, maombi, nyimbo na sadaka. Kitabu cha KKKT chenye nyimbo na liturujia kinaitwa Tumwabudu Mungu Wetu. Kwa jina hilo, kuabudu kunahusu mpangilio wote.

Athari kwa usharika

Ni kweli kwamba kipindi cha nyimbo huwapa waumini, hususani vijana, nafasi ya kushiriki kwa sauti na mwili. Hata hivyo, kikiitwa peke yake kuabudu, maungamo huonekana utaratibu tu na sadaka huonekana mchango. Mfano ulio wazi ni mnada wa matoleo. Katika sharika nyingi, ndizi, mayai au kuku waliotolewa madhabahuni hunadiwa nje ya kanisa baada ya baraka. Anayeiona ibada kuwa wimbo huuona mnada huo kuwa biashara. Anayeielewa kuwa utumishi huona humo jasho la mkulima likikabidhiwa kwa Mungu.

Hitimisho

Ibada ni tukio zima ambamo Mungu huhudumia na watu hujibu. Mafundisho ya kipaimara na ya wanakwaya yanapaswa kulirejeshea neno kuabudu upana huo, ili wimbo ubaki na heshima yake pasipo kuyapokonya matendo mengine maana.