Kura za Kasongo na Kabambare: hesabu moja, sababu nyingi



Uchaguzi ukiisha, watu husoma matokeo na kusema: "Kijiji kile ni cha fulani." Ni maneno mepesi, lakini yanaleta ugomvi. Kijiji kikishapewa jina la chama, mtu aliyechagua tofauti anaonekana adui, na siku utawala unapobadilika kijiji kizima kinatazamwa kwa jicho baya. Ndiyo maana tunataka kueleza jinsi raia wa kusini mwa Maniema walivyopiga kura, na kwa nini.

Kura ya rais: kura ya kumaliza vita

Tarehe 30 Julai 2006 Wakongomani walichagua rais na wabunge wa taifa. Tarehe 29 Oktoba walirudi kuchagua kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, na siku hiyo hiyo walichagua wabunge wa jimbo. Katika nchi nzima Kabila alipata asilimia 58.05. Katika Maniema alipata zaidi ya kura 9 kati ya 10.

Sababu ya kwanza ni vita. Kuanzia mwaka 1998 kundi la RCD-Goma, likisaidiwa na Rwanda, lilishika miji ya Maniema, huku Mai-Mai wakiwa msituni. Raia walikuwa katikati. Waliacha mashamba yao, na barabara na masoko vilifungwa. Amani ilipokuja, wengi walimhesabia Kabila kuwa ndiye aliyeileta. Azarias Ruberwa, mgombea wa RCD, alipata asilimia 1.69 tu katika nchi nzima.

Sababu ya pili ni lugha na upande wa nchi. Mashariki kunakosemwa Kiswahili kulimchagua Kabila, na magharibi kunakosemwa Kilingala wengi walimchagua Bemba. Sababu ya tatu ni undugu. Sifa Mahanya, mama yake Kabila, anahesabiwa kuwa Mbangubangu, kabila lenye watu wengi Kabambare. Kwa wengi, kumchagua Kabila kulikuwa kumchagua mtoto wa dada yao.

Kura ya wabunge: kila mtu na mtu wake

Watu waliokuwa pamoja katika kura ya rais waligawanyika katika kura ya wabunge. Sheria yenyewe inachangia jambo hilo. Kila teritwari ni eneo moja la uchaguzi. Kasongo ni eneo lake, na Kabambare lake. Mahali penye viti kadhaa, viti hugawanywa kwa orodha, na mpiga kura huchagua jina moja tu. Basi mgombea hahitaji kupendwa na teritwari nzima. Akipata kura za sekta yake, za ukoo wake na za watu waliosoma naye, anaweza kupita. Kwa hiyo mtu wa Kunda hutafuta mtu wa Kunda, na mtu wa Salamabila hutafuta wa kwao. Si chuki. Anatafuta mtu anayeijua barabara yake mbovu.

Hatari huanza mgombea anapoona njia fupi ya kupata kura ni kuwaambia watu wake kwamba jirani anataka kuwanyang'anya ardhi au utawala. Maneno ya kampeni huisha kwa mwezi mmoja, lakini ugomvi wa mpaka wa shamba hubaki miaka.

Kura ambayo haijapigwa

Katiba ya 2006 na sheria za ugatuzi za mwaka 2008 zinataka raia wachague washauri wa sekta na wa usultani. Mpaka leo, vijijini kura hiyo haijapigwa. Mwaka 2023 washauri walichaguliwa katika baadhi ya komuni za miji tu. Kwa hiyo raia wa kijijini humchagua rais aliye Kinshasa, lakini hawachagui watu wanaopanga matumizi ya kodi ya soko lake. Hasira ya mambo ya karibu huingizwa katika kura ya mbali.

Watu hubadilika

Mwaka 2018 upande wa Kabila ulimweka Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa Maniema. Kitaifa alitangazwa wa tatu, kwa asilimia 23.84. Mwaka 2023 chama cha Kabila, PPRD, hakikushiriki, na Matata Ponyo, naye wa Maniema, alijitoa akamuunga mkono Moïse Katumbi. Wapiga kura walilazimika kufikiri upya. Mwaka 2025 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kabila adhabu ya kifo bila yeye kuwepo. Tunasema wazi: mama aliyempigia kura mwaka 2006 ili arudi shambani kwake hana kesi ya kujibu. Kura yake ilikuwa ombi la amani.

Tufanye nini?

Tunawaomba viongozi wa dini, wazee wa baraza, walimu na watangazaji wa redio wafanye mambo matatu. Kwanza, wasitaje kijiji kwa jina la chama. Pili, wagombea wanapofika, wawaulize juu ya barabara, shule na ardhi, na wawasikilize wote mbele ya watu wa sekta zote. Tatu, wakumbushe kwamba kura ni siri: mume asimlazimishe mke, wala sultani asiwalazimishe watu wake.

Tukijua sababu ya kura ya jirani, tutaweza kukaa naye baraza moja baada ya uchaguzi.