Jino la utoto si la kutupwa ovyo

KUNA msichana mmoja wa Migwani ambaye kila nimkumbukapo huona haya. Aliletwa kwangu na mamake siku ya soko, nikiwa daktari mchanga. Alikuwa na miaka sita, na gego moja la utoto upande wa juu lilikuwa limeoza. Shavu halikuwa limevimba wala hakuwa na homa. Mama akaniambia, "Daktari, ling'oe tu. Si litaota lingine?"

Nikaling'oa. Mtoto akatulia, mama akashukuru na kushika njia ya nyumbani.

Miaka sita baadaye walirudi. Msichana sasa alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Jino lake la chonge, upande ule ule, lilikuwa limechomoza juu ufizini, nje ya safu, kama pembe ya mbuzi mdogo. Nilijua papo hapo kilichotokea.

Watu wengi hudhani meno 20 ya utoto ni ya muda tu, kwa hivyo hayana thamani. Kumbe kila moja humlindia nafasi mwenzake ajaye. Mtoto anapofika miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto. Gego la utoto likiondolewa mapema, hili la nyuma husogea mbele. Meno yanayochelewa hukuta kiti kimekaliwa. Chonge za juu, ambazo huota katika umri wa miaka 11 au 12, ndizo aghalabu hukosa pa kukaa.

Nilipokuwa nikitafuta jinsi ya kumsaidia msichana huyo, nilisoma habari za Albert Ketcham, bingwa wa kupanga meno katika mji wa Denver, Marekani. Enzi zake watu walisifu meno yaliyonyooshwa, basi. Ketcham hakuridhika na kutazama tabasamu. Aliwapiga wagonjwa picha za eksirei, akaona kwamba baadhi yao, baada ya matibabu, mizizi ya meno ilikuwa imepungua urefu. Angeweza kunyamaza. Badala yake, katika ripoti zake za 1927 na 1929, aliwaeleza wenzake waziwazi kwamba kazi wanayojivunia inaweza pia kudhuru.

Je, walimtenga? La. Mwaka wa 1929 alikuwa rais wa kwanza wa bodi ya mabingwa wa fani hiyo nchini Marekani. Alifariki 1935, na hadi leo tuzo kuu ya bodi hiyo, wanayopewa waliochangia taaluma kwa utafiti na kazi yao, ina jina lake.

Hapa kwetu nako wapo waliofanya kazi ya kuhesabu na kupima. Mwaka wa 1996 Dkt P. M. Ng'ang'a na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 919 wa Nairobi, wa umri wa miaka 13 hadi 15. Watoto 72 katika kila 100 walikuwa na kasoro fulani katika mpango wa meno au jinsi yanavyoumana. Usishtuke, msomaji. Kasoro nyingi ni ndogo na hazihitaji nyaya. Lakini utafiti kama huo hutuonyesha kwamba meno yaliyopinda si laana ya ukoo fulani, wala si aibu ya mtoto mmoja.

Basi nami nilimwambia mama yule kwamba kosa lilikuwa langu. Alinyamaza kitambo. Kunyoosha meno kwa nyaya huchukua kama miaka miwili, na safari za kwenda Nairobi kila mwezi zilikuwa mzigo mkubwa kwa mama anayeuza ndengu. Kisha akaniuliza, "Na huyu mdogo wake, daktari, nimlete lini?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mzazi anapaswa kuuliza. Jibu ni hili: mlete kabla hajaumwa. Afikapo miaka saba, meno yake yakaguliwe na daktari wa meno. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi, na soda na peremende zisiwe za kila siku. Gego lililooza mara nyingi huweza kuzibwa. Ikiwa ni lazima ling'olewe, uliza kama mtoto anahitaji kifaa cha kushikilia nafasi. Lakini uso ukivimba au homa ikipanda, usingoje. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jino litang'olewa.

Na ukishauriwa mwanao avae nyaya, uliza kama mizizi imepigwa picha, na kama itaangaliwa tena matibabu yakiendelea. Daktari mwema hatakasirika. Ketcham mwenyewe angelifurahia swali hilo.

Mdogo wake msichana yule aliletwa juma lililofuata. Gego lake moja lilikuwa na tundu. Safari hii sikushika koleo. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno, na jino likazibwa.