Jiografia ya Mtoto Anayesomea Nyumbani: Tuchague Mtaala Upi?

Mama anayemfundishia mtoto wake nyumbani hapati shida sana kuchagua kitabu cha hesabu. Saba mara nane ni hamsini na sita, kitabu kiwe kimepigwa chapa Texas au Nairobi. Jiografia ni mambo mengine. Kitabu cha jiografia huwa kimesimama mahali fulani kikiitazama dunia kutoka hapo, na mtoto wa gredi ya 7 au ya 8 hujikuta amesimama papo hapo pamoja nacho. Ndipo mtoto aliyezaliwa Nakuru aweza kukutajia majimbo 50 ya Marekani, halafu ukimwuliza mto Tana waanzia wapi, anabaki kukutazama.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humdai mzazi juu ya kila mtoto aliye na umri wa kwenda shule, na hilo ni jambo la kulichunguza kabla ya yote. Leo twasema na mama ambaye yeye na baba watoto wamekwisha kuliombea jambo hili na kukata shauri, na sasa wameketi mezani na orodha za vitabu na bei zake.

Tuanze na swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: mtoto huyu akimaliza gredi ya 9 aenda wapi? Akitarajiwa kuingia shule ya sekondari hapa nchini, atakutana na mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika mtaala wa umilisi jiografia ya umri huu haisimami peke yake. Imo ndani ya Elimu ya Jamii, pamoja na historia na uraia. Basi ulizeni mapema ni shule gani itakayokubali kumsajili kwa mtihani, na mfuate mwongozo wa KICD. Kama nia yenu ni IGCSE ya Cambridge, huko jiografia ni somo kamili. Wale wanaotumia ACE, mpango ulioanza Texas mwaka 1970, hupata vijitabu 12 kwa mwaka katika kila somo, navyo mtoto huweza kuviendea mwenyewe huku mama akimwogesha mdogo wake. Hiyo si faida ndogo, na anayeibeza hajawahi kufundisha watoto watatu jikoni. Lakini vimeandikwa kwa Mmarekani, kwa hiyo mama aongeze yeye mwenyewe Kenya na Afrika Mashariki. Asipoongeza, hakuna mwingine atakayeongeza.

Liko jambo linalowatia wengi wasiwasi, nalo ni umri wa dunia. Kitabu cha serikali kikieleza Bonde la Ufa hutaja mamilioni ya miaka. Vitabu vya ACE huhesabu maelfu tu. Tujuavyo, Wakristo wanaomcha Mungu kwa moyo mmoja hawakubaliani katika hili. Shauri letu ni kwamba mama asigundishe kurasa mbili kwa gundi ili mtoto asisome. Mtoto wa miaka 13 atazibandua. Someni pamoja, baba akiwepo ikiwezekana, na mwelezeni mnaloamini na kwa nini. Halafu mpelekeni Naivasha akautazame mvuke wa Olkaria ukitoka chini ya ardhi, ambao umetupatia umeme tangu mwaka 1981. Mtoto aliyeona hayo atauliza maswali ambayo kitabu hakikuyaandaa.

Tukipewa vitabu viwili vyenye bei moja, sisi tungechukua kile kinachomtoa mtoto nje na ramani mkononi. Kukariri miji mikuu ni kazi ya jioni moja. Kusoma ramani huchukua miaka. Ofisi ya Survey of Kenya, Ruaraka, huchapa ramani za kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya nchi. Tafuteni ya mahali mnapokaa. Mtoto aonyeshe kanisa lenu, mto mnaouvuka, na mlima ambao mistari yake ya kontua imesongamana, kisha mwende kwa miguu mkaone kama mwinuko ni mkali kweli. Kwa miaka mingi watahiniwa wa KCSE wamewekewa kipande cha ramani kama hizi, na wengi wao walikiona kwa mara ya kwanza darasani.

Na hapa mama Mkristo ana hazina karibu naye. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake; mwaka uliofuata mwenzake Krapf akauona mlima Kenya. Wachaga na Wakamba walikuwa wakiijua milima hiyo toka zamani, bila shaka, lakini mabingwa wa London walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kuwako karibu na Ikweta. Kisha Rebmann na Erhardt, kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Walikosea: maziwa yalikuwa mengi. Mpeni mtoto kazi ya kuchora ramani hiyo kando ya ile ya leo, na aeleze kosa liliingilia wapi. Somo hilo moja lina historia, ramani na habari za Injili, wala haligharimu kitu.

Kabla ya kulipa, fungueni ramani ya Afrika iliyomo kitabuni. Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, imo? Eswatini, iliyobadili jina mwaka 2018, imeandikwaje? Na Kenya, inaonyesha kaunti 47 au bado ni mikoa minane? Kitabu cha zamani chaweza kununuliwa kwa bei nafuu na kikafaa kwa mito na milima, mradi atlasi iwe mpya. Na msinunue ya mwaka mzima kwa mara moja. Nunueni ya muhula mmoja, mwone mtoto anakifungua bila kuitwa au la.